Kaka aliwanawisha wageni wa posa, nami nikakaa kimya

Shikamoo mama.

Mimi ni msichana wa miaka 27, mkazi wa Ujiji, Kigoma. Kazi yangu ni kushona, nina cherehani mbili barazani kwetu. Jina langu naomba lisitoke. Ujiji ni kubwa kwa mgeni tu, wenyewe tunajuana mpaka milio ya milango.

Kwetu tumezaliwa watano, baba mmoja mama mmoja. Kaka yangu, wa pili kuzaliwa, ana miaka 31 na ni kiziwi. Kitinda mimba wetu, msichana wa miaka 15, naye ni kiziwi, anasoma bweni Tabora. Sisi watatu waliobaki tunasikia. Baba na mama ni binamu: babu mzaa baba na babu mzaa mama ni ndugu wa tumbo moja. Mambo ya kawaida kwetu, wazee walipenda mali na watoto visitoke nje ya ukoo.

Tangu utotoni tuliambiwa kaka alipata homa kali akiwa na miezi minne, akadungwa sindano, masikio yakafa. Mama mwenyewe ndiye aliyempeleka zahanati. Hadithi hiyo ilitutosha mpaka alipozaliwa mdogo wetu, ambaye sindano hakuchomwa wala homa hakuugua, na bado hasikii. Hapo majirani wakapata yao. Wengine wakasema nyumba yetu imefungwa masikio, wengine wakamwita mama "mama bubu". Mama akiona mazungumzo yanaelekea huko anainuka na kwenda kuchambua mchele.

Kaka ni fundi wa injini za boti pale Kibirizi. Naomba nikueleze anavyofanya kazi, kwa sababu najivunia ingawa utaona hapa chini nimefanya nini. Mwenye boti akileta mashine inayokohoa, mafundi wengine wanategesha sikio. Kaka anaweka kiganja juu ya kifuniko, anafumba macho kidogo, halafu ananyoosha kidole palipo na ugonjwa. Watu wanatoka mialo ya mbali kumfuata. Mimi ndiye niliyejifunza lugha ya alama kuliko wote nyumbani, na yeye ndiye aliyenipa jina langu la alama: vidole viwili vinatunga uzi kwenye sindano.

Sasa mchumba wangu. Kwao ni Mpanda, alihamia Kigoma kikazi mwaka juzi. Ni mtu mpole, anaswali, hana makuu. Nilimwambia nina kaka fundi Kibirizi na mdogo wangu yuko bweni Tabora. Yote kweli. Hakuuliza zaidi, sikusema zaidi.

Siku ya posa walikuja wazee wanne na akina mama watatu. Kabla ya chakula, mzee wao mmoja na mjomba wangu wakaanza kuulizana nasaba, wewe wa nani, naye wa nani. Haikupita nusu saa ikajulikana kwamba bibi yangu mzaa mama na bibi yake mchumba wangu ni ndugu kabisa, dada na mdogo wake. Yule mdogo aliolewa Mpanda miaka hiyo na mawasiliano yakakatika. Ukumbini vikapigwa vigelegele. Mzee akasema damu imerudi nyumbani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na badala ya kufurahi miguu ikaniisha nguvu. Niliwaza jambo moja tu: baba na mama ni ndugu wakapata viziwi wawili, na mimi naolewa na ndugu.

Kisha kaka akaingia na birika na beseni kuwanawisha wageni. Mzee mmoja akamwambia ahsante kijana, kaka hakuitika kwa sababu alikuwa ameinama. Mzee akarudia, kimya. Akauliza, "Huyu naye ni wa hapa?" Shangazi yangu akawahi: "Ni kijana wa kazi, katoka ng'ambo, Kiswahili hakimwingii." Wageni wakacheka kidogo, yakaisha. Kaka wakati huo alikuwa ameinua uso na anamtazama shangazi mdomoni. Kaka anasoma midomo ya watu wa nyumbani vizuri sana. Hakuweka birika chini. Alinawisha mpaka mgeni wa mwisho, akatoka.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Sikutoka.

Ni miezi miwili sasa. Kaka anakula hukohuko Kibirizi na kurudi usiku. Akitaka kunisemesha ananigusa bega. Lile jina la sindano na uzi hajaniita tena.

Mwezi uliopita walikuja watafiti kutoka chuo kimoja, wanatafuta familia zenye viziwi zaidi ya mmoja ili wajue chanzo cha ukiziwi wa kurithi. Walikuja na mkalimani wa lugha ya alama. Kaka alikuwa wa kwanza kutema mate kwenye kichupa, na ndiye aliyewashawishi baba na mama. Mdogo wetu alitoa alipokuja likizo. Wanataka na sisi tunaosikia. Kaka yangu mwingine na dada wametoa. Mimi nilisema nina oda ya sare za shule, warudi. Wanarudi wiki tatu zijazo.

Ukweli ni kwamba naogopa. Nikipimwa nikaonekana nimebeba, nitakuwa najua, na nikijua nisipomwambia mchumba nitakuwa mwongo. Nisipopimwa, sijui, na asiyejua hadanganyi. Shangazi ananiambia lisiloulizwa halijibiwi, nisubiri nikahi ipite, imepangwa Mfungo Tatu. Majirani nao wanasema hizo damu zinapelekwa Ulaya kuuzwa. Mama mshauri, nitoe mate au nisitoe? Nimwambie mchumba au ninyamaze? Na je, nikiolewa na huyu ndugu yangu, nitakuwa nimewadhulumu watoto ambao hawajazaliwa?

Mwenye sindano, Ujiji

MAJIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naona umeuliza maswali matatu ukasimulia la nne bila kuliuliza. Nitayajibu yale matatu kwanza kwa sababu yana elimu ndani yake, na elimu hiyo huenda ikakupunguzia mzigo mmoja mzito. Lile la nne nitalifikia.

Kwa maelezo yako, wazazi wanasikia, ni binamu, na wamepata watoto viziwi wa kiume na wa kike. Picha hiyo inafanana sana na ule urithi ambao mtoto anakuwa kiziwi pale tu anapopokea jeni, yaani yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, yenye hitilafu kutoka pande zote mbili. Kigoma hamkosi maharage, basi chukua punje uweke mezani. Mama yako ana punje mbili, moja nyekundu na moja ya njano. Baba yako vilevile. Nyekundu ndiyo yenye hitilafu. Kila mtoto anapewa punje moja na mama na moja na baba. Mwenye nyekundu moja anasikia kama watu wote, maana ile ya njano inatosha kufanya kazi. Mwenye nyekundu mbili ndiye anayezaliwa kiziwi.

Ukizichanganya kwa mikono yako utapata namna nne: nyekundu kwa nyekundu, nyekundu ya mama na njano ya baba, njano ya mama na nyekundu ya baba, na njano tupu. Kwa hiyo kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kutoa mtoto kiziwi, na hesabu inaanza upya kila mimba. Ndiyo maana kwenu watano wametoka wawili, na jirani mwenye punje zilezile angeweza kuzaa sita wote wanasikia, akafa hajui alichobeba.

Sasa wewe. Unasikia, kwa hiyo ile namna ya kwanza iondoe mezani. Zimebaki tatu, na mbili kati yake zina nyekundu. Maana yake, kabla hata ya kutema mate, kama urithi wenu ni wa aina hii, una nafasi 2 kati ya 3 ya kuwa mbebaji. Nakueleza hivi makusudi. Ule ujinga unaotaka kuutunza, wa "asiyejua hadanganyi", umeshakuponyoka. Kichupa kitaongeza uhakika tu juu ya jambo ambalo tayari unaweza kulihesabu kwa maharage.

Lakini ngoja usilie. Kuna jambo umeliandika mwenyewe na hukuliona.

Umesema wazazi wako ni binamu kwa upande wa babu zako, ndugu wawili wa tumbo moja. Halafu umesema undugu wako na mchumba unapitia kwa bibi mzaa mama. Chora kwenye karatasi ya kukatia vitambaa. Kama ile punje nyekundu iliwafikia baba na mama kwa sababu ya undugu wao, basi ilikuwa kwa wazazi wa wale babu wawili, ikashuka kwa babu huyu mpaka kwa baba yako, na kwa babu yule mpaka kwa mama yako. Bibi yako aliingia katika ukoo huo kwa kuolewa. Alitoka nyumba nyingine. Mchumba wako ni wa nyumba ile aliyotoka bibi, wala hana uhusiano na babu zako, isipokuwa kama wazee wana nasaba nyingine ambayo haikutajwa siku ya posa.

Kwa hiyo undugu uliokumaliza nguvu miguuni huenda hauhusiani kabisa na jambo unaloliogopa. Neno "damu moja" wazee wetu wanalitumia kwa upana, ila jeni haifuati vigelegele, inafuata njia yake moja, mzazi kwa mtoto. Siwezi kukuapia. Inawezekana mama alipokea punje yake kwa bibi na baba akaipata kwingine, au urithi wenu ukawa wa aina nyingine kabisa. Ninachosema ni kwamba kabla hujajihukumu kuwa utawadhulumu watoto, kaa na bibi yako kama yu hai, au na mjomba wako mwenye kumbukumbu, umuulize: huko kwa kina bibi, Ujiji na Mpanda, kumewahi kuzaliwa kiziwi? Jibu la mzee mmoja juu ya mkeka lina thamani ya kitaalamu. Hata hao watafiti hatua yao ya kwanza ni kuchora ukoo.

Na tuseme mchumba naye ana nyekundu. Basi mtakuwa pale walipokuwa wazazi wako: robo kwa kila mimba. Robo hiyo watu wenye akili zao wanaipima kwa namna tofauti. Wapo wanaoona ni kubwa wakaacha, wapo wanaooana wakisema mtoto atakayekuja atapokelewa, na wote nimewaona wakiishi na uamuzi wao. Mimi si wa kukuchagulia.

Kuhusu mate. Kwanza ujue kwa nini wanakuhitaji wewe unayesikia. Wanatafuta tofauti ambayo kaka na mdogo wako wanayo kwa pande zote mbili, na ninyi wengine mnayo upande mmoja au hamna. Bila ninyi wanatafuta funguo kwenye chumba cha giza. Lakini maana yake pia ni kwamba kipimo chako peke yako hakisemi kitu. Wataipata kwanza kwa hao wawili, ndipo waitafute kwako, na mchumba akitaka, kwake. Mpangilio ni huo, na unachukua muda mrefu. Tafiti nyingi hazirudishi majibu kwa mtu mmoja mmoja, na zinazorudisha huchukua miezi au miaka. Kama unategemea kichupa kikuamulie kabla ya Mfungo Tatu, nikahi itakikuta bado kwenye jokofu.

Na wanaweza wasipate kitu. Hapa ndipo penye utamu wa habari hii, nivumilie. Mwaka 1997 wanasayansi walionyesha kwamba jeni iitwayo GJB2, inayotengeneza vijilango kati ya seli za sikio la ndani, ikiharibika inasababisha ukiziwi wa kuzaliwa. Ulaya na sehemu kubwa ya Asia imeonekana kuwa chanzo kikuu. Watu wakadhani jibu la dunia nzima limepatikana. Watafiti wa Kiafrika walipopima watoto viziwi Kamerun na Afrika Kusini, karibu hawakuiona. Ghana ndiko ilikoonekana kwa wingi, hasa kijiji cha Adamorobe, ambako viziwi wamezaliwa kizazi baada ya kizazi mpaka kijiji kikawa na lugha yake ya alama, na wanaosikia nao wanaitumia sokoni na shambani. Leo zinajulikana jeni zaidi ya 100 zinazoweza kuleta ukiziwi, na nyingi zilitambuliwa kwa damu ya watu wa mbali na ziwa lenu. Kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto wa Madrid kinaweza kumpima mtoto wa Kigoma kikasema "hana kitu", kumbe hakijui pa kutazama. Sababu ya watafiti kupanda mpaka Ujiji ni hiyo, na nadhani kaka yako alishaielewa, maana alikuwa wa kwanza.

Juu ya damu kuuzwa Ulaya, usimcheke jirani, wala usimwamini bila kuuliza. Utafiti wa afya nchini mwetu unatakiwa uwe na kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ndiyo inayohusika. Sampuli zikisafirishwa nje zinahitaji makubaliano ya maandishi. Una haki ya kuomba kuonyeshwa. Uliza sampuli itakaa wapi na kwa muda gani, majibu yatarudi kwa nani, na ukijitoa baadaye itakuwaje. Uliza pia kama wanatoa taarifa ya nani ni mzazi wa nani, kwa sababu vipimo vya familia huweza kufichua hata hilo, na kuna nyumba zimetikisika kwa jambo ambalo halikuwa swali la mtu yeyote. Mtafiti mwema hatakasirika. Akikasirika, umeshapata jibu lako. Na unaweza kusema hapana, au sio sasa, au baada ya harusi. Fomu ya ridhaa haina maana kama mtu hawezi kukataa.

Kuhusu mama yako nina la kusema kidogo. Dawa zipo zinazoua masikio kweli, gentamaisini ni mojawapo, na homa ya uti wa mgongo au manjano kali ya mtoto mchanga vinaweza kufanya hivyohivyo. Kwa hiyo hadithi ya sindano haikuwa ya kijinga. Lakini mdogo wenu aliivunja kwa kuzaliwa, na mama yako amebaki na kitu ambacho hamjakisema: miaka 31 anaamini ni yeye aliyembeba mwanawe kumpeleka zahanati akaharibiwe. Majibu ya jeni yakija, yanaweza kumtua mzigo huo. Yanaweza pia kumtwisha mwingine, watu wakahama kwenye "alirogwa" wakaja kwenye "si mlioana ndugu". Muwe tayari kwa yote mawili. Hakuna mtu anayechagua jeni ya kumpa mwanawe, na mabinamu wengi wameoana Ujiji wakazaa watoto wanaosikia mpaka mnong'ono.

Na haya mawili nisiposema nitakuwa nimekukosea. Muulize kaka na mdogo wako kama wamewahi kuzimia wakikimbia au wakishtuka, na kama wanaona vizuri gizani. Zipo aina chache za ukiziwi wa kurithi zinazokuja na tatizo la mapigo ya moyo, na nyingine zinazopunguza uwezo wa kuona usiku kidogokidogo. Si za kawaida, na pengine hamna. Lakini wakijibu ndiyo, wasisubiri watafiti, waende kwa daktari.

Sasa mchumba.

Umeligeuza swali lako kuwa la kipimo, utoe mate au usitoe, kwa sababu swali la kipimo linaweza kuahirishwa. Lakini mchumba wako, akikaa na wewe jioni moja, anahitaji kujua nini hasa? Kwamba una ndugu wawili viziwi na kwamba huenda ni urithi. Hilo unalijua tayari, na hata bibi anayeuza migebuka mtaani kwenu analijua. Halihitaji kichupa.

Shangazi yako anakupenda, usimwone adui. Alikuwa analinda posa, na katika maisha yake ameona wasichana walioachwa kwa sababu ndogo kuliko hii. Hofu yake ina ushahidi. Ila mpango wake una tundu: siku ya nikahi, kaka yako atakaa wapi? Je, atanawisha tena? Na mdogo wako akija likizo akakuta una nyumba yako, ataambiwa asije? Sasa Ujiji na Mpanda mmeshajua ni ndugu, habari zitapita hata kwa basi la kesho. Ukinyamaza, uwezekano mkubwa ni kwamba atajua, na atajua kwa mtu mwingine, na neno atakalolisikia ni lile la "mama bubu". Kuna wanaume wangelimeza. Kuna ambao wasingeumizwa na ukiziwi hata kidogo, ila wangeumizwa na ile miezi ya kufichwa.

Ukisema, nako kuna hatari, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Anaweza kurudi nyuma. Anaweza yeye kubaki imara lakini wazee wake wakaanza vikao. Mahari inaweza kuleta maneno. Kama utachagua kusema, mimi ningeanza na yeye peke yake kabla ya wazee wowote, na ningekwenda na lile karatasi la ukoo. Mtu akielezwa hatari kwa maharage na mchoro anauliza maswali. Akielezwa kwa machozi, anaogopa kilichowaliza wengine. Unaweza pia kumwomba mkaongee pamoja na daktari wa masikio, pua na koo, au na hao watafiti wakirudi, kama atapenda. Au unaweza kuamua kwanza kuahirisha tarehe bila kutoa sababu, ujipe muda, ingawa kuahirisha nako watu watakusomea maana zao.

Kuna dhana moja nataka niiguse kwa upole. Barua yako nzima inamtaja mtoto kiziwi kama dhuluma. Halafu katikati yake umeniandikia mtu anayeweka kiganja kwenye injini na kuisikia kuliko wenye masikio. Nani kati ya hao wawili unayemjua kweli? Sikatai, kumlea mtoto kiziwi kuna kazi, hasa mahali ambapo shule ziko mbali na watu wana midomo. Mdogo wako kasafiri kwa reli mpaka Tabora, mji uliofungua shule ya kwanza ya viziwi nchini mwaka 1963, na kukaa mbali na mama si jambo dogo. Lakini mtoto wa leo hazaliwi katika Kigoma aliyozaliwa kaka yako. Muhimbili wanapandikiza vifaa vya kusikia tangu 2017, kwa wanaofaa na wanaowahi. Mwaka 2024 zilitoka habari za watoto wa China waliozaliwa viziwi kwa hitilafu ya jeni moja, wakapewa jeni nzima ndani ya sikio. Kati ya sita, watano walipata kusikia. Jeni moja tu, kati ya zile zaidi ya 100, na huenda si yenu. Na kubwa kuliko hayo kwa mtoto wako, mama yake tayari anajua lugha ya alama. Watoto viziwi wengi wanafika umri wa shule hawana hata mtu mmoja nyumbani wa kuongea nao.

Sasa lile la nne.

Umeniandikia neno moja likasimama peke yake: "Sikutoka." Hukuniuliza chochote juu yake. Mwanangu, nimejiuliza kama hofu ya kichupa haikui kwa sababu imelalia juu ya jambo hili. Jeni itajibiwa na watafiti, leo au baada ya miaka. Pale pazia liliposimama hakuna mtafiti wa kupeleka.

Sijui kaka yako anasubiri nini. Pengine anasubiri useme kwa wageni wale huyu ni nani. Pengine anataka wewe tu ujue kwamba aliona. Pengine hataki litajwe tena. Mtu wa miaka 31 ana haki ya kuulizwa, na nimeona katika barua yako kila mtu ametoa maoni juu ya ukiziwi, shangazi, majirani, watafiti, isipokuwa yeye. Muulize pia kuhusu utafiti, alitaka nini alipowahi kutema mate. Muulize angependa mchumba wako apate vipi habari zake, na kama angependa kuwepo. Anaweza akakukatalia kuongea. Itakuuma, na itabidi uivumilie, kama yeye alivyovumilia birika.

Mchumba wako bado hana jina la alama. Wa kumpa ni kaka yako, na hawezi kumpa mtu asiyemjua.

Ukienda Kibirizi, nenda asubuhi kabla boti hazijajaa. Usimshtue kwa nyuma. Zunguka mbele yake, simama upande wenye mwanga, jua likupige usoni, ili aione midomo na mikono yako vizuri.